Kutoka Byculla hadi Beawar: safari kwa watu waliojihesabu wenyewe

Nilikuwa India kuanzia mwisho wa Januari hadi katikati ya Februari 2024, na haya nimeyapanga baada ya kurejea Mombasa, kwa kufuata daftari langu, picha za simu na risiti nilizozihifadhi. Kikundi chetu cha akiba huku Kisauni kinafuata utaratibu uliobuniwa na wanawake waliokuwa wakilala kando ya barabara za Mumbai: kuweka senti kila siku, kujiandikisha nyumba kwa nyumba, kisha kwenda kwa wakubwa wa mji tukiwa na takwimu zetu mkononi. Utaratibu huo ulitufikia kupitia Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakaazi wa mitaa ya mabanda lililoundwa Kenya mwaka 1996, mwaka uleule ulioanzishwa mtandao wa kimataifa wa mashirikisho ya aina hiyo, ambao Wahindi walikuwa miongoni mwa waasisi wake. Nilitaka kuwaona wenye asili ya jambo hili. Nilitaka pia kufahamu ni nani anayeishurutisha sheria itende kazi katika nchi ambayo imeandika sheria nyingi za kumlinda mnyonge, na ambayo hata hivyo mnyonge wake bado yu mnyonge.

Jumatatu, 29 Januari: Nairobi hadi Mumbai

Ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi huchukua kiasi cha saa sita, na saa ya India iko mbele ya yetu kwa saa mbili na nusu. Tiketi yangu, ya kwendea Mumbai na kurudia Delhi kupitia Addis Ababa, iligharimu shilingi 84,000. Siku zile rupia moja ilikuwa karibu shilingi mbili za Kenya, kwa hiyo hesabu zangu zote nilizifanya kwa kuzidisha mara mbili.

Wasafiri wa Kenya wasisahau kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano, kwa sababu huulizwa kabla hata ya paspoti. Viza huombwa mtandaoni. Yule anayekwenda kwa utafiti, uandishi wa habari au kazi ya asasi asitumie viza ya utalii, kwa kuwa serikali ya India inaliangalia jambo hilo kwa ukali na watakaopata taabu ni wenyeji waliokupokea. Mimi nilikwenda kama mgeni wa kutembelea watu, sikumhoji mtu kwa ajili ya ripoti yoyote, na ndiyo sababu hapa hamtaona jina la mwenyeji hata mmoja.

Nilipata chumba Byculla, mtaa wa Mumbai, kwa rupia 1,800 kwa usiku. Bajaji haziruhusiwi kusini mwa Mumbai. Huko hutumika teksi nyeusi zenye paa la manjano, na nauli yake ya chini ilikuwa rupia 28 kwa mita. Dereva akikataa kuwasha mita, shuka utafute mwingine, wapo tele.

Jumanne, 30 Januari: Byculla

Asubuhi binti wa mwenyeji wangu, anayesema Kiingereza, alinichukua kwa miguu hadi kwenye barabara ambazo habari zake nilikuwa nimezisikia kwa miaka. Baadhi ya familia zilishahamishiwa kwenye majengo ya ghorofa, lakini bado kuna vibanda vilivyoegemea kuta za maghala, kila kimoja upana wa kitanda, mlango wake ukifunguka moja kwa moja kwenye magari.

Mwaka 1981 serikali ya jimbo la Maharashtra iliamuru watu wa namna hii waondolewe na kurudishwa walikotoka. Mwandishi wa habari Olga Tellis na baadhi ya wakaazi wenyewe wakaenda Mahakama ya Juu. Hukumu ilitoka Julai 1985, nayo ni ya ajabu kwa pande zake mbili. Majaji walikubali kwamba haki ya kuishi iliyomo katika katiba haina maana ikiwa mtu atanyang'anywa njia ya kupata riziki, na kwamba hawa watu wanalala hapa kwa sababu kazi zao ziko hapa. Kisha, baada ya kusema hayo yote, waliruhusu watu waondolewe maadamu wamepewa notisi. Hukumu hiyo inasomwa hadi leo katika vyuo vya sheria vya nchi nyingi kwa ile sehemu yake ya kwanza. Waliokuwa barabarani walibaki na ile ya pili.

Hapo ndipo kuhesabu kulipoanza. Shirika la SPARC, lililoanzishwa mwaka 1984, lilishirikiana na wakaazi kuandikisha kaya zipatazo 6,000 za kando ya barabara, katika mji ambao wakuu wake walikuwa wakisema hawa ni wapita njia. Daftari lilionyesha kuwa wengi wao walikuwa na kazi, walikuwa wameishi pale miaka mingi, na walikuwa wametoka katika sehemu za India zilizo maskini kuliko zote. Wanawake wa Byculla wakaunda Mahila Milan, wakaweka akiba ya kila siku, wakaungana na Shirikisho la Taifa la Wakaazi wa Mitaa ya Mabanda lililokuwa likiongozwa na Jockin Arputham, aliyefariki mwaka 2018.

Mama mmoja mwenye umri wa kunizaa alinikalisha kwenye kizingiti chake. Aliniita "beti", yaani binti, nami nikamwita "maasi", kama binti yule alivyonielekeza kumwita mtu wa rika la mama mdogo. Aliuliza kikundi chetu kinaweka kiasi gani kwa siku, nani anashika daftari, na mtu akifiwa tunafanyaje. Nilipomjibu kwamba mweka hazina wetu hupita nyumba kwa nyumba jioni, alitikisa kichwa kwa kuridhika, akasema kupita huko ndiko kwenye kazi hasa, kwa sababu anayepita kuchukua rupia mbili ndiye anayejua ni nani leo hakupika. Chai aliyonipa ilitoka kibanda cha jirani, na fedha yangu aliikataa kabisa.

Jumatano, 31 Januari: Dharavi na Dadar

Treni za mjini ni njia rahisi kuliko zote. Tiketi fupi ya daraja la pili ni rupia 5. Wanawake wana mabehewa yao, na ni vyema kuepuka saa za kwenda na kutoka kazini. Nilikula vada pav, mkate wenye kiazi cha kukaanga ndani, kwa rupia 20, na ukanitosha hadi alasiri.

Dharavi, mtaa mkubwa wa mabanda wa Mumbai, ina sifa iliyovuka mipaka na wako wanaofanya biashara ya kuwatembeza wageni. Mimi nilipitishwa na mtu aliyezaliwa humo, na ombi lake lilikuwa moja, nisipige picha za watu. Niliona Kumbharwada, mtaa wa wafinyanzi, vyungu vikianikwa mbele ya kila mlango, na sehemu ya kuchambua plastiki ambako taka za mji mzima huoshwa, husagwa na kuuzwa tena. Ni mahali pa kazi kabla ya kuwa mahali pa kulala.

Mazungumzo ya siku ile yalikuwa juu ya mradi wa kuijenga Dharavi upya. Mwezi ule ilikuwa imetangazwa kwamba wanaostahiki watapewa nyumba za futi 350 za mraba bila malipo. Aliyestahiki alikuwa yule ambaye banda lake la chini lilikuwepo kabla ya tarehe 1 Januari 2000. Wanaoishi ghorofa ya juu ya banda, ambao wengi wao ni wapangaji na vibarua waliofika baadaye, hawakuwamo, na wao ni kaya nyingi mno. Uandikishaji ulikuwa unatarajiwa kuanza baada ya wiki chache, na kila mtu niliyekutana naye alikuwa akitafuta karatasi: bili ya umeme ya zamani, kadi ya mgao wa chakula, cheti cha shule cha mtoto ambaye sasa ni mzazi. Mwenyeji wangu alikuwa na bahasha ya plastiki yenye karatasi za miaka thelathini. Nilijiuliza ni mitaa mingapi ya kwetu ambako mtu angeweza kutoa bahasha kama ile siku ya kudaiwa.

Jioni nilifika Chaitya Bhoomi, pwani ya Dadar, alipochomwa mwili wa Dk. B. R. Ambedkar mwezi Desemba 1956. Huyu alizaliwa katika jamii iliyohesabiwa kuwa najisi, akasoma hadi Columbia na London, na akawa mwenyekiti wa kamati iliyoandika katiba ya India. Kifungu cha 17 cha katiba hiyo kinafuta desturi ya kuwatenga watu kana kwamba kuwagusa ni unajisi. Novemba 1949, katika hotuba yake kwenye bunge la katiba, aliwaambia wenzake kwamba tarehe 26 Januari 1950 nchi itaingia katika maisha ya mgongano, yaani usawa katika siasa na ukosefu wa usawa katika jamii na uchumi, na kwamba mgongano huo usipoondolewa mapema, wanaoumizwa nao wataulipua huo huo mfumo wa demokrasia. Watu walikuwa wakiingia wamevua viatu, wengi wao wafanyakazi wa kawaida waliotoka kazini, wakainama mbele ya sanamu na kutoka. Sijaona mwanasheria mwingine anayeheshimiwa namna hii na watu wasio na mali.

Alhamisi, 1 Februari: Mumbai hadi Ahmedabad

Treni ya mchana, zaidi ya saa sita, viti vizuri na chakula ndani ya nauli. Tiketi za treni zinunuliwe wiki kadhaa kabla. Wenyeji hulipia karibu kila kitu kwa simu kupitia mfumo wa benki zao, kwa hiyo mgeni asiye na akaunti ya India abebe noti ndogondogo.

Karibu nami walikaa wanaume wawili waliokuwa wakibishana juu ya kuhesabu watu kwa matabaka ya kuzaliwa nayo. Jimbo la Bihar lilikuwa limetoa matokeo ya uandikishaji wake mwezi Oktoba 2023, yakionyesha kwamba jamii zilizo nyuma sana ni asilimia 36 ya watu wa jimbo, jamii nyingine zilizo nyuma asilimia 27, Wadalit, yaani wale waliohesabiwa kuwa najisi, karibu asilimia 20, na wale wa matabaka ya juu yasiyo na mgao wa nafasi za masomo na kazi asilimia 15 na nusu. Mmoja alisema hesabu hizi zinagawa taifa. Wa pili alisema taifa limegawika tangu zamani na kinachoogopwa ni kuonekana kwa tarakimu. Sensa ya mwisho kuhesabu matabaka yote nchini ilikuwa ile ya Waingereza ya mwaka 1931. Walishukia Surat bila kuafikiana, lakini mmoja alimsaidia mwenzake kushusha mzigo.

Ijumaa, 2 Februari: Ahmedabad

Ahmedabad ulikuwa mji wa viwanda vya nguo, na chama cha wafanyakazi wa nguo kiliundwa hapa mwaka 1920 na Anasuya Sarabhai pamoja na Gandhi. Ndani ya chama hicho wakili Ela Bhatt aliona kundi ambalo halikuwa na chama: wanawake waliobeba mizigo kichwani, waliouza mboga, waliookota karatasi, waliosokota sigara za bidi majumbani mwao. Mwaka 1972 walipotaka kusajili chama chao, SEWA, ofisi ya kazi iliwaambia kwamba chama cha wafanyakazi hakiwezi kuwepo bila mwajiri wa kupambana naye. Walijibu kwamba chama ni umoja wa wafanyakazi, si lazima kiwe na adui, na wakasajiliwa. Leo wanachama wake ni zaidi ya milioni mbili.

Benki yao ilifuata mwaka 1974, wanawake 4,000 wakichanga rupia 10 kila mmoja. Msajili hakuona vipi benki itaendeshwa na watu wasiojua kusoma. Wale waliotakiwa kutia saini hati za kuanzisha benki walikesha wakijifunza kuandika majina yao, na wateja walipewa kadi zenye picha ili uso wa mtu uwe saini yake. Niliingia katika tawi moja na kusimama pembeni kwa nusu saa. Mwanamke mwenye kapu la vitunguu aliweka noti za rupia kumi kumi, akasubiri hadi kitabu chake kikachapwa, akakisoma mstari wa mwisho kwa kidole, ndipo akaondoka.

Mchana nilikwenda Manek Chowk, ambako wachuuzi wa mboga wanawake waliifikisha manispaa mahakamani miaka ya 1980 ili wasifukuzwe. Vita vya namna hiyo, vilivyopiganwa soko kwa soko, ndivyo vilivyozaa Sheria ya Wachuuzi wa Barabarani ya mwaka 2014, inayotaka kila mji uwahesabu wachuuzi wake kabla ya kumwondoa yeyote, na inayotaka wachuuzi wawe na wajumbe wao katika kamati ya mji inayopanga masoko. Nilimuuliza muuza bilinganya kama sheria inafuatwa. Alitoa kitambulisho chake kifuani mwa sari na kusema askari wa mji huja hata hivyo, ila sasa huja kwa adabu kidogo. Kwa mtu aliyeona mabanda ya wachuuzi yakibomolewa usiku Mombasa, adabu kidogo si jambo dogo.

Kuna sehemu ya historia hii isiyosimuliwa mara nyingi. Mwaka 1981 mji huu ulilipuka kwa ghasia za kupinga nafasi zilizotengwa kwa ajili ya Wadalit katika vyuo vya udaktari. Ela Bhatt alisema wazi kwamba yuko upande wa Wadalit, na SEWA ikatolewa katika chama mama kilichoilea. Naona ni katika saa hiyo ndipo chama hicho kilipojulikana kweli, maana kudai nyongeza ya ujira ni rahisi kuliko kumtetea mtu ambaye hata majirani zako maskini wamemkataa.

Nilipumzika kwenye msikiti wa Sidi Saiyyed, uliokamilika mwaka 1573 na kujengwa na mtu mwenye asili ya Uhabeshi. Madirisha yake ya mawe yaliyochongwa kama matawi ya mti ni miongoni mwa kazi nzuri kuliko zote nilizoziona. Wasidi, watu wenye asili ya Afrika, bado wapo Gujarat, na katika wilaya za Saurashtra wameandikwa miongoni mwa makabila yanayostahiki mgao wa nafasi. Chakula cha jioni kilikuwa thali ya Kigujarati, sinia la vyakula mbalimbali, rupia 250, na mhudumu huendelea kuongeza hadi uifunike sahani kwa mkono.

Jumamosi, 3 Februari: Nani Devti

Basi hadi Sanand, kisha bajaji. Kijijini Nani Devti kuna Dalit Shakti Kendra, chuo cha ufundi kilichotokana na kazi za Navsarjan, asasi aliyoianzisha Martin Macwan. Vijana wa Kidalit wanafunzwa ushonaji, umeme, kompyuta na upigaji picha, na pamoja na hayo wanafunzwa kuuliza.

Navsarjan walifanya uchunguzi katika vijiji 1,589 vya Gujarat na kuchapisha matokeo mwaka 2010. Hawakuuliza tu kama ubaguzi upo; waliorodhesha kitendo kwa kitendo: nani anaruhusiwa kugusa mtungi wa maji, mtoto gani huketishwa wapi wakati wa chakula cha shule, nani huingia hekaluni, kinyozi gani humnyoa nani, na kikombe gani cha chai hutundikwa nje kwa ajili ya Mdalit, ambacho lazima akioshe mwenyewe. Karibu katika kila kijiji, Mdalit kugusa mtungi wa asiyekuwa Mdalit kulihesabiwa kuwa najisi. Haya yalionekana miaka sitini baada ya Kifungu cha 17.

Mwalimu mmoja, aliyetaka nimwite "bhai" tu, yaani kaka, alinisimulia kuhusu sarafu. Mwaka 2022 watu wa vijijini walitoa vyombo vyao vya shaba, vikayeyushwa na kufanywa sarafu ya uzito wa kilo 1,000, yenye swali juu yake: je, ndoto ya mwaka 1947 ya India isiyo na utengano huu itatimia ifikapo 2047? Walianza safari ya kuipeleka Delhi, wapate kuiweka katika bunge jipya, wakazuiwa mpakani mwa jimbo la Haryana. Alipomaliza alinitazama kwa utulivu akaniambia kwamba swali lenyewe halina uchochezi wowote, ila linahitaji mtu wa kulijibu.

Desemba 2016 Navsarjan ilifutiwa kibali cha kupokea fedha za nje. Haikuwa peke yake. Sheria ya michango ya nje ya mwaka 2010 ilikazwa mwaka 2020: asasi haiwezi tena kuipa asasi ndogo sehemu ya msaada ilioupokea, gharama za uendeshaji zisizidi asilimia 20, na kila asasi, hata iwe kwenye jangwa la Kutch, lazima ifungue akaunti katika tawi moja la benki lililoko Delhi. Kifungu cha kuzuia kugawana ndicho kilichoumiza zaidi, kwa sababu vikundi vya vijijini visivyo na mhasibu vilikuwa vikiishi chini ya kivuli cha asasi kubwa. Tulipewa chakula pamoja na wanafunzi, wali, dengu na chapati, na kila mtu aliosha sahani yake.

Jumapili, 4 Februari, na Jumatatu, 5 Februari: Ajmer na Beawar

Treni ya usiku ilichelewa kwa zaidi ya saa nne kwa sababu ya ukungu. Familia moja iliyokuwa ikienda ziara Ajmer ilinitandikia shuka kwenye sakafu ya kituo, ikanipa thepla, chapati za viungo, na achari ya embe, na mama wa familia akaufunga mkoba wangu kwenye mkono wake ili nilale. Nyakati za Januari na Februari usipange jambo lolote la lazima siku ileile unayotarajia kufika, na beba sweta, kwani Rajasthan usiku ni baridi.

Ajmer nilifika nimechoka, nikazuru kaburi la walii Khwaja Moinuddin Chishti ambako masufuria makubwa hupika chakula cha kila anayekuja, nikalala. Asubuhi nilipanda basi la Beawar, kilomita 54 hivi, rupia 70.

Beawar ni mji wa kawaida unaojulikana kwa tilpatti, vipande vyembamba vya ufuta na sukari, na msimu wake ni huo huo wa baridi. Katikati yake kuna lango liitwalo Chang Gate. Tarehe 6 Aprili 1996 wakulima na vibarua wa vijiji vya jirani waliketi hapa wakidai haki ya kupata nakala za hesabu za serikali, wakabaki siku 40. Wenye maduka waliwapa maji na turubai, wauza mboga waliwaletea mboga, na wenyeji walichangia fedha. Mzee muuza tilpatti aliniambia kwamba yeye alikuwa kijana dukani kwa baba yake, na kwamba mwanzoni watu wa mji waliuliza vibarua wana haja gani na makaratasi. Baada ya siku chache kila mmoja alikumbuka karatasi yake mwenyewe iliyofichwa katika ofisi fulani. Alinifungia robo kilo na kuniongezea konzi nzima.

Jumanne, 6 Februari, na Jumatano, 7 Februari: Bhim na Devdungri

Hapa nilikaa zaidi ya nilivyopanga. Devdungri ni kijiji kidogo karibu na Bhim, na katika nyumba ya udongo ya kijijini hapo ndimo Aruna Roy, aliyeacha kazi ya juu serikalini, Shankar Singh na Nikhil Dey walipoanza kuishi. Chama cha vibarua na wakulima, Mazdoor Kisan Shakti Sangathan, kiliundwa tarehe 1 Mei 1990.

Jambo lililowaunganisha watu lilikuwa ujira. Wakati wa ukame serikali ilitoa kazi za kuchimba mabwawa na kujenga barabara, lakini vibarua walilipwa chini ya kima cha sheria, na kila walipolalamika waliambiwa kwamba daftari linaonyesha hawakufanya kazi ya kutosha. Wakaomba kuliona daftari. Wakakataliwa kwa kuwa ni siri ya serikali. Basi tarehe 2 Desemba 1994, katika kijiji cha Kot Kirana, walifanya baraza la wazi la kwanza, na nakala walizofanikiwa kuzipata zikasomwa kwa sauti mbele ya kijiji kizima. Yalitokea majina ya watu ambao hawakuwahi kufika kazini, na hata ya waliokufa. Majengo yaliyoandikwa kuwa yamekamilika yalikuwa hayana paa. Hakuna aliyehitaji kusoma ili aelewe, kwa sababu kila jina liliposomwa mwenye jina alikuwa amekaa pale, au watu walijua kaburi lake.

Wito wao ulikuwa "hamara paisa, hamara hisab", pesa zetu, hesabu zetu. Rajasthan ilipata sheria yake mwaka 2000, na India nzima mwaka 2005. Kwa rupia 10, na bila malipo kwa aliye chini ya mstari wa umaskini, raia anaweza kuomba hati yoyote ya ofisi ya umma. Ajibiwe ndani ya siku 30, na afisa mzembe anaweza kutozwa faini kutoka mfuko wake. Mwaka huohuo ilipitishwa sheria ya siku 100 za kazi kwa kila kaya ya kijijini itakayoomba, ikiwa na sharti kwamba hesabu zake zikaguliwe hadharani na wanakijiji.

Nilifuatana na wanawake wawili hadi kwenye bwawa wanalochimba. Msimamizi aliwapiga picha asubuhi kwa simu, kisha tena mchana, kwa sababu mahudhurio wakati huo yalichukuliwa kwa programu ya simu. Mtandao ukikosekana kwa saa ile, siku yako haikuhesabiwa. Tangu 1 Januari 2024 malipo nayo yalilazimishwa kupitia akaunti iliyofungwa na namba ya utambulisho ya Aadhaar, na herufi moja ikitofautiana katika jina, fedha hazifiki. Mmoja alikuwa akidai wiki tatu. Alisema daftari la karatasi liliiba, lakini angalau lilikuwa na mtu wa kulishika ambaye ungeweza kwenda kumkalia mlangoni.

Hofu nyingine niliyoikuta ni sheria ya ulinzi wa data binafsi iliyopitishwa Agosti 2023, ambayo ndani yake kimo kifungu kinachoibadilisha sheria ya habari ili taarifa yoyote inayomhusu mtu binafsi iweze kunyimwa. Baraza la wazi linategemea majina. Ukiondoa jina, kinachobaki ni jumla, na jumla haijawahi kumfunga mwizi. Hili naliandika kwa msisitizo kwa sababu Kenya pia tuna sheria ya data ya mwaka 2019, na sharti tuwe macho.

Chakula cha usiku kilikuwa mkate wa mahindi, samli na mboga ya majani, tukiwa tumezunguka moto. Kwa wanaotaka kufika: basi za Bhim hutoka Beawar mara kwa mara, hakuna hoteli ya maana, na si haki kutokea bila taarifa. Mpelekee mwenyeji sukari na majani ya chai.

Ijumaa, 9 Februari, hadi Jumanne, 13 Februari: Delhi

Siku moja nzima ilikwisha njiani. Delhi ni rahisi kwa reli ya chini ya ardhi, ambako nauli ya mbali kabisa ilikuwa rupia 60, lakini hewa yake iliniumiza kifua.

Nilikwenda kuwasikiliza watu wa Safai Karmachari Andolan, harakati ya wasafisha vyoo na mitaro, ambayo Bezwada Wilson, mtoto wa familia ya wasafishaji, alishiriki kuianzisha na anaiongoza. Sheria ya 1993 ilikataza kumwajiri mtu azoe kinyesi kwa mikono, na ya 2013 ikaongeza mitaro na mashimo ya majitaka. Wanaume bado wanashushwa kwa kamba na kufa kwa gesi, na wengi wao ni Wadalit. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu iliagiza familia ya kila aliyekufa tangu 1993 ilipwe rupia milioni moja, na Oktoba 2023 ikaongeza hadi milioni tatu. Ili familia ilipwe, kwanza kifo kiandikwe kuwa ni kifo cha mtaroni. Wanaharakati hawa ndio wanaozunguka majumbani kukusanya majina, vyeti na ripoti za polisi, kwa sababu serikali husema kazi hiyo haipo tena. Mjane mmoja alikuwa ameshika picha ya mumewe na nakala ya ombi lake la habari, ikiwa na muhuri.

Kuanzia tarehe 11 barabara za kuingilia Delhi zilianza kufungwa kwa matofali ya zege, waya na misumari, kwa kuwa wakulima wa Punjab walitangaza kuandamana tarehe 13 wakidai bei ya chini ya mazao ihakikishwe kisheria. Ni wakulima wale ambao maandamano yao ya 2020 na 2021 yaliifanya serikali ifute sheria tatu za kilimo. Safari ya uwanja wa ndege, ambayo kwa teksi huwa chini ya saa moja, ingenikosesha ndege. Msichana wa mapokezi alinisindikiza hadi kituo cha reli, akasubiri hadi nikapita kizuizi. Siku za maandamano tumia reli tu, na uondoke saa tano kabla.

Alhamisi, 15 Februari: Mombasa

Gharama yote, ukiacha ndege na viza, ilikuwa rupia 41,000.

Siku hiyo, nikiwa nafungua mizigo, Mahakama ya Juu ya India ilibatilisha mpango wa hati za michango ya siri kwa vyama vya siasa, kwa hoja kwamba mpiga kura ana haki ya kujua, na ikaiagiza benki iliyoziuza itoe kumbukumbu zake kuanzia Aprili 2019. Miongoni mwa waliofungua kesi zilikuwa asasi za kiraia.

Katika kikao cha kwanza cha kikundi chetu baada ya safari tulikubaliana kutumia Sheria ya Kupata Habari ya Kenya ya mwaka 2016, inayotaka ombi lijibiwe ndani ya siku 21. Tumeandikia kaunti kuomba mkataba wa uzibuaji wa mitaro ya kata yetu, pamoja na orodha ya vibarua walioandikwa kuwa wamelipwa na kiasi alicholipwa kila mmoja. Tumeomba orodha hiyo iwe na majina, ili isomwe barazani mbele ya vibarua wenyewe.